Mama kaweka dole gumba, mtoto hataki kutolewa damu. Naomba ushauri

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Nakusanya data za utafiti wa kichocho kwa watoto wa shule huku Lindi vijijini. Mkojo hauna shida: mtoto anapewa kikopo, anaenda chooni, anarudi anacheka. Kasheshe ni damu ya mshipani.

Juzi alikuja binti wa miaka 11 na mama yake. Mama akaweka dole gumba kwenye fomu ya idhini. Tulipomsomea mtoto karatasi yake ya ridhaa hakujibu kitu, anakunja na kukunjua ncha ya kanga ya mama. Alipoiona sindano akavuta mkono: "Sitaki." Mama akaniambia, "Mshike tu mwanangu, huyu anajua nini?"

Sikumshika. Nilimpumzisha, nikamweleza upya kwa maneno mepesi, mwenzangu akajaribu kwa Kimwera. Wapi! Mwenzangu akatoa biskuti, mkono ukanyooshwa. Hapo roho ikanisuta, nikasitisha. Mama kaondoka kanuna.

Azimio la Helsinki, ule mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, nalijua: mtoto anayeweza kukubali aulizwe, mbali na idhini ya mzazi, na akikataa aheshimiwe. Na damu hii ni ya utafiti tu, haimtibu yeye. Ila huku neno la mzazi ndilo neno. Kiongozi wetu naye anasema nitumie busara.

Naombeni mnisaidie: mkono ulionyooshwa kwa biskuti ni ridhaa kweli? Na nikimfuata tena wiki ijayo, si ndiyo kumshurutisha kwenyewe?