Mboga za majani za msimu wa mvua: mnazipikaje zisipoteze ladha?

Mkazi wa Nyegezi
Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Tangu mvua zianze, akina mama wanaouza mboga sokoni Kirumba wamejaza mgagani, mlenda, majani ya kunde na majani ya maboga, na bei imeshuka kiasi kwamba ni aibu kurudi nyumbani na kabichi. Tatizo ni kwamba kwetu kila jani hukaangwa kwa kitunguu na nyanya hadi libadilike rangi, na mboga zote huishia kuwa na ladha ileile. Naomba mnielekeze, hasa kuhusu mgagani, kwa sababu watoto wanalalamikia uchungu wake.

Bibi wa Magu
Mwanangu, mgagani haukaangwi ukiwa mbichi. Chambua majani na machipukizi yake, uyaoshe vizuri, kisha uyachemshe katika maji yenye chumvi kidogo na kuyamwaga maji hayo, kwa kuwa huondoka na sehemu kubwa ya uchungu. Baada ya hapo mimina maziwa na uache mboga itokote kwa moto mdogo hadi iwe nzito. Asiye na maziwa atumie karanga zilizosagwa. Nyanya sizikatazi, ila katika mgagani sijawahi kuona kazi yake. Kwa ajili ya wajukuu zangu hao, anza kwa kuuchanganya na mchicha nusu kwa nusu.

Mwalimu wa lishe, Ilemela
Shikamoo Bibi. Naunga mkono maelezo yako, ila niongeze kwamba vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na joto, hivyo kumwaga maji kubaki kwa mboga chungu tu. Mchicha na matembele yanatosheka na dakika chache motoni, sufuria ikiwa imefunikwa. Karanga nazo si za ladha pekee, kwani rangi ya njano iliyojificha ndani ya majani mabichi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi penye mafuta. Magadi hulainisha majani na kuyaacha ya kijani, lakini huharibu vitamini. Kisamvu kisipikwe kwa haraka hata kidogo: kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu.

Mzaliwa wa Ukerewe
Mwalimu, kuhusu magadi hatutaelewana, maana mlenda usiovutika kwangu si mlenda. Chembe kidogo inatosha. Kwa upande wa majani ya maboga, menya kwanza nyuzi za kwenye vikonyo, kwani ndizo zinazomfanya mtu atafune bila kumeza. Kaanga dagaa wakavu pembeni hadi wakauke vizuri, pika majani kwa kitunguu na maji kidogo, kisha dagaa waingie mwishoni wakati sufuria inakaribia kuepuliwa, la sivyo watalainika na kusambaa katika mchuzi.

Mkazi wa Nyegezi
Nashukuru sana, leo nitaanza na mgagani wa maziwa. Je, fungu linalobaki nilihifadhije hadi kesho, ikizingatiwa kwamba sina jokofu?

Bibi wa Magu
Usiyaoshe wala kuyakata. Yafunike kwa kitambaa chenye unyevu, uyaweke kivulini penye hewa, na uyapike kesho mchana, usisubiri jioni.