Tupeane uzoefu: kadi yako iligoma nchi gani?

Wakuu, salaam. Kila mara naona mtu anaambiwa kadi fulani "inakubalika dunia nzima". Hakuna kadi ya hivyo. Visa na Mastercard ndizo zinapita kwingi. Zingine inategemea uko wapi. Leteni yaliyowakuta, ila tajeni mtandao wa kadi (Visa, Mastercard n.k.) na nchi, maana "iligoma" tupu haimsaidii mtu.

Naanza mimi. Uholanzi, nina Mastercard ya mkopo, salio lipo, mashine ikakataa. Keshia akanionyesha kibandiko mlangoni: Maestro na V Pay (kadi ya debiti ya Visa) tu. Maestro ni kadi ya debiti ya Mastercard hiyohiyo, lakini mtandao wake ni mwingine! Hiyo ni zamani kidogo. Tangu Julai 2023 benki za Ulaya haziruhusiwi kutoa Maestro mpya.

Kiguu na Njia: Japani. ATM ya benki moja iliitema kadi yangu ya nje bila hata kuniuliza namba ya siri. Nikavuka barabara nikaingia duka la 7-Eleven, mashine yao ikatoa yen fasta. Hizo ATM za Seven Bank zilizo ndani ya 7-Eleven zinapokea kadi za nje, ndiyo kimbilio letu huko.

Mzee wa Chenji: Amex (American Express) jamani. Ulaya maduka madogo wanaikwepa, ada anayokatwa mwenye duka ni kubwa. Hata Marekani kwao si kila mahali: maduka ya Costco, ukilipa kwa kadi ya mkopo, ni Visa tu tangu 2016.

Bibi Mapasipoti: Mimi Urusi, Machi 2022. Visa na Mastercard zilipositisha huduma, kadi yangu ya nje ikawa plastiki. Cha ajabu mwenyeji wangu na Visa yake ya benki ya pale aliendelea kununua mkate kama kawaida. Miamala ya ndani inapita kwenye mfumo wa taifa lao, haitoki nje.

Kiguu na Njia: Kumbe nembo si hoja, hoja ni imetolewa wapi.

Bibi Mapasipoti: Ndiyo hivyo mkuu.

Mgeni Rasmi: Wenye Discover (kadi ya Marekani), China msitafute nembo yenu, tafuteni UnionPay, mtandao wa kadi wa Wachina. Wana makubaliano, kama ilivyo kwa JCB, mtandao wa kadi wa Wajapani, kule Japani. Shida ni keshia: akiona nembo ngeni anatikisa kichwa kabla hajaigusa. Mwombe kwa upole aichomeke tu, yangu ilipita.

Mzee wa Chenji: Na RuPay, kadi ya Wahindi, nje ya India, kuna aliyejaribu?