Range Rover Sport ya 2016 kwa bei ya kigari kipya: ninunue?

Baba Neema aliandika:

Habari za jioni, wanajumuiya. Naomba ushauri. Familia imeongezeka, tuko sita sasa ukimhesabu na bibi aliyekuja kutusaidia na mtoto, na gari letu dogo limetushinda. Nimeona Range Rover Sport ya mwaka 2016, dizeli, V6 ya lita 3.0, yenye viti saba. Bei yake ni ile ambayo ukienda kwenye duka la magari mapya unapewa kigari cha mjini. Imetembea kilomita laki moja na kitu. Ndani ngozi tupu, paa la kioo, hata usukani unapashwa joto. Anayeuza ni mtu binafsi, anasema anahama kwa hiyo ana haraka. Mke wangu kaziangalia picha, akasema hapana, akarudi kwenye shughuli zake. Wanaoyajua haya magari: hii ni bahati au ni mtego? Na kama si hilo, basi lipi?

Mjomba K. aliandika:

Land Cruiser. Mada imefungwa.

Dada Fundi aliandika:

Mjomba shikamoo, lakini mada haijafungwa. Mimi nashika spana kwenye gereji inayotengeneza magari ya aina hii, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu.

Kaka, tuanze na bei. Bei ya gari la kifahari huporomoka haraka, bei ya spea zake haiporomoki nalo. Gari hilo lilipokuwa jipya lilikuwa la mtu mwenye uwezo mkubwa. Leo unalipata kwa sehemu ndogo ya pesa aliyotoa, ila taa ya mbele, diski za breki na springi za hewa (mifuko ya upepo inayolibeba gari badala ya springi za chuma) bado zinauzwa kwa mfuko wa yule yule wa kwanza. Hesabu yangu ni hii: ukishalinunua, ubaki na akiba inayotosha kubadilisha giaboksi. Kama kulinunua tu kunakukausha, liache hapo hapo lilipo, hata liwe zuri namna gani.

Injini yake ina sifa moja mbaya ambayo kila fundi wa magari haya anaijua. Kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inaweza kukatika, au beringi zake zikazunguka mahali pake, na mara nyingi haitoi dalili. Asubuhi gari linakwenda vizuri, jioni linarudi juu ya gari la kubebea mabovu. Sisemi zote zinakufa, nyingi zinatembea miaka bila tatizo. Lakini ukinunua, unanunua oili aliyokuwa akiweka mwenye gari kabla yako. Aliyemwaga oili mapema kuliko ratiba ndefu ya kiwandani, na akaweka oili yenye kiwango sahihi, amekupa nafasi nzuri. Aliyevuta hadi dashibodi imlilie, pole. Ndiyo maana mimi nikifika huomba mafaili ya huduma kabla sijafungua mlango. Nataka risiti zenye tarehe, kilomita na aina ya oili. Mhuri peke yake haunitoshi, mihuri inapigwa.

Uliza pia kuhusu mkanda wa taiming, ule unaozifanya sehemu za injini zizunguke kwa mpangilio. Injini hiyo ina mkanda wa mbele, halafu ina mwingine mdogo wa nyuma unaozungusha pampu ya dizeli. Huo wa nyuma husahaulika sana. Risiti ikitaja mmoja tu, uliza wa pili uko wapi.

Giaboksi ni ya ZF, gia nane, familia ile ile utakayoikuta kwenye BMW nyingi. Ni giaboksi nzuri. Muuzaji atakwambia oili yake ni ya maisha, haibadilishwi. ZF wenyewe, waliotengeneza, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka minane. Ukijaribu gari, endesha taratibu kwenye foleni, sikiliza gia ya kwanza na ya pili zinavyopokezana. Huko ndiko inakoshtuka ikiwa imechoka. Barabara kuu inaficha mengi.

Sasa springi za hewa, maana hapa ndipo watu wanapolia. Mwombe muuzaji aegeshe gari sehemu tambarare jioni, upime kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kona zote nne, uandike. Rudi asubuhi kabla hajaliwasha, pima tena. Kona iliyoshuka peke yake ina uvujaji, ama springi imechanika au valvu haifungi. Kuvuja kwenyewe si mwisho wa dunia. Tatizo ni kwamba kompresa, yaani pampu ya upepo, inajaza upepo kila siku kufidia ule unaotoka, mpaka inaungua. Ukiona risiti mbili za kompresa kwenye faili moja, jua kuna mtu alikuwa akitibu homa akaacha malaria.

Na jambo la mwisho kwa leo: mashine ya kusoma hitilafu. Zipo ndogo, unachomeka chini ya usukani na kusoma kwenye simu. Wengi huangalia hitilafu tu, wakikuta hamna wanafurahi. Usiishie hapo. Kuna ukurasa wa vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe, vya moshi, sensa za hewa, na kadhalika, na kila kimoja kinaandikwa kimekamilika au bado. Mtu akifuta hitilafu usiku wa kuamkia leo, vipimo hivyo vinarudi mwanzo, na gari linahitaji kuendeshwa, mara nyingi siku kadhaa, ndipo vikamilike tena. Kwa hiyo dashibodi safi, hitilafu sifuri, vipimo vingi "bado": kuna mkono umepita. Atakwambia alibadilisha betri. Inawezekana kweli, betri ikitolewa vinafutika pia. Mwambie basi aendelee kuliendesha, utarudi wiki ijayo. Mwenye gari zima hatakasirika.

Mama Mapacha aliandika:

Ahsante Dada Fundi, hiyo ya vipimo nilikuwa siijui. Mimi niko upande wa bima, nitaongeza machache.

Baba Neema, pata bei ya bima kwa namba ya gari lenyewe kabla hujatoa hata senti ya kulishikia. Usikadirie kwa kulinganisha na gari ulilo nalo. Haya magari yanaibiwa sana. Wezi wawili wanakuja usiku, mmoja anasimama karibu na mlango wa nyumba na kifaa kinachonasa mawimbi ya ufunguo uliouacha mezani, mwenzake yuko kwenye gari na kifaa cha pili. Gari linadhani ufunguo upo, linafunguka, linawaka, linaondoka. Kampuni nyingine zinakataa kabisa kukatia bima baadhi ya modeli, nyingine zinadai kifaa cha kulifuatilia gari au pa kulilaza penye geti. Na Mjomba K. asijisahau: Toyota na Lexus wana ugonjwa wao, wezi wanafikia nyaya za mawasiliano kupitia taa ya mbele na kulidanganya gari kwamba ufunguo uko ndani.

Hesabu funguo. Gari lilitoka kiwandani na mbili. Ukipewa mmoja, mwingine uko kwa nani?

Halafu deni. Magari ya hadhi hii mengi hununuliwa kwa mkopo, na katika nchi nyingi mkopo unalifuata gari, si mtu. Ukilipa pesa taslimu kwa mtu ambaye gari si lake bado, aliyetoa mkopo atakuja kulichukua kwako. Kila nchi tunazoishi ina namna yake ya kuangalia hili kwa namba ya usajili au ya chesisi. Ifanye wewe mwenyewe, usikubali karatasi aliyoichapa muuzaji.

Namba ya chesisi ina tarakimu na herufi 17, na ndani yake hakuna herufi I, O wala Q. Ilingane kwenye kioo cha mbele, kwenye nguzo ya mlango na kwenye kadi ya gari. Zikitofautiana, sema una simu ya dharura uondoke.

Baba Neema aliandika:

Wadau, nimeenda kuliona leo. Gari ni zuri jamani, sitaki kudanganya. Lakini:

Nilifika saa nne kama tulivyopatana, nikagusa boneti, ilikuwa ya moto. Anasema alitoka dukani. Kuna taa ya njano ya springi kwenye dashibodi, anasema ni sensa tu, kitu kidogo. Faili la huduma ni safi hadi miaka miwili iliyopita, baada ya hapo kimya. Ufunguo mmoja, wa pili "uko kwenye maboksi ya kuhamia".

Na mke wangu sababu yake nimeipata leo. Kwenye picha aliona tairi za mbele haziko sawa, kila moja kampuni yake. Nikasema tairi si kitu, tunanunua nyingine.

Dada Fundi aliandika:

Shemeji ana jicho la fundi, mpe salamu zangu.

Tairi ni kitu kwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne. Zikitofautiana mzunguko, moja imelika na nyingine mpya, zinazunguka kwa kasi tofauti, na transfa, kisanduku kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inabeba tofauti hiyo kila unapotembea. BMW X5 ngapi nimeziona transfa zimekufa hivyo, mwenye gari akidhani ni bahati mbaya. Pia tairi zinaeleza tabia ya mwenye gari. Aliyebana pesa kwenye tairi, sehemu inayoonekana na kila mpita njia, ndani ya injini alifanya nini? Siku nyingine soma namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT ubavuni mwa tairi. 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019.

Boneti ya moto maana yake hukusikia injini ikiwaka baridi, na kelele mbaya nyingi hutoka hapo mwanzoni. Na sensa ikiwa kitu kidogo, si angeibadilisha apandishe bei?

Miaka miwili bila karatasi kwa injini hiyo, mimi siendi.

Mjomba K. aliandika:

Land Cruiser.

Mzee wa Busara aliandika:

Marahaba wote mnaoniamkia. K., wewe unataja jina tu. Land Cruiser iliyotumika inashika bei sana, pesa hiyo ya Baba Neema itampatia lililozeeka na kutembea mno. Kama huko anakoishi yapo, aangalie Lexus GX 460. Chini yake ni Toyota Prado ya toleo la 150, juu wameivika suti, V8 ya petroli ya lita 4.6. Inakunywa mafuta kweli kweli na mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni, ukiegesha kwenye nafasi finyu utaujutia. Ila ni injini isiyo na majivuno. Chungulia chini kama fremu imeliwa na kutu, hasa mahali wanapomwaga chumvi barabarani majira ya baridi.

Akipenda Ujerumani, Mercedes zenye dizeli ya V6 ya lita 3.0 zinadumu, lakini muulize fundi kuhusu mipira ya kipoza oili. Iko bondeni katikati ya injini. Mpira wenyewe ni rahisi, kuufikia ndiko kunakoliwa pesa, maana nusu ya vitu vya juu vinang'olewa. Cayenne za mwanzo za V8 zilikuwa na mabomba ya plastiki ya maji ya kupozea, sehemu hiyo hiyo ngumu. Yaliyobadilishwa kuwa ya alumini, sawa. Yasiyobadilishwa, siku yakipasuka utaona maji barabarani.

Na vile viti viwili vya nyuma kabisa kwenye Range Rover Sport ni vya watoto. Bibi hapandi kule.

Baba Neema aliandika:

Hilo la bibi limenimaliza, sikuwa nimelifikiria kabisa.

Nimempigia yule bwana, nikamwomba niache gari gereji kwa nusu siku, gharama zangu, likaguliwe. Amesema ana mteja mwingine anakuja jioni na pesa taslimu. Nimemtakia heri.

Kuna GX 460 ya 2014 nimeiona, mmiliki mmoja, funguo mbili, amekubali likaguliwe popote ninapotaka na ameahidi hataliwasha kabla sijafika. Dada Fundi, mbali na kutu ya fremu, nimwambie mkaguzi aangalie nini hasa kwenye hilo?

Dada Fundi aliandika:

Baadhi yake zina springi za hewa nyuma, kwa hiyo futi yako bado ina kazi. Aangalie uvujaji wa pampu ya maji, alama za rangi ya waridi zilizokauka mbele ya injini. Asikilize difu, zile gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Avute mikanda ya viti hadi mwisho kabisa, tope au harufu ya ukungu pale chini ni gari lililozama kwenye mafuriko. Na afunge na kufungua viti vya nyuma vyote, kama ni vya umeme, mara kadhaa. Nitumie ripoti faragha ukiipata, pamoja na picha za chini ya gari, zisiwe za simu yenye mwanga hafifu tafadhali.