Mbegu za zinia za marehemu mama zimeota ukungu, naombeni msaada

BintiBustani:
Habari zenu wadau, naombeni ushauri maana nimechanganyikiwa kwa kweli. Marehemu mama alikuwa na zinia zake za rangi ya damu ya mzee, zile zenye petali nyingi zimepangana kama vigae, na kila msimu alizipanda upya kwa mbegu alizovuna kwa mkono wake. Alipoondoka nikasema hizi haziwezi kupotea mikononi mwangu, nikavuna vichwa kama 20 hivi nikatia kwenye mfuko wa nailoni nikafunga fundo nikaweka kabatini. Juzi nafungua nakutana na harufu ya uvundo, ukungu mweupe umetanda kama pamba na mbegu zimeshikana mabonge mabonge. Nimelia jamani.

Sa hivi bustanini nimebakiwa na miche sita tu, mingine ina maua mingine imeanza kukauka. Nimekosea wapi? Zile zenye ukungu nitupe zote? Halafu kingine, kati ya hiyo sita mmoja umetoa maua ya pinki na mwingine njano kabisa, wakati mbegu nilitoa kwenye ua jekundu. Inakuwaje?

MzeeWaKitalu:
Pole sana binti yangu, na Mungu amrehemu mama. Ulichokosea ni kwamba ulivuna mapema halafu ukafungia unyevu ndani. Ua la zinia linadanganya, petali zinafifia unadhani limeisha kumbe kitovu chake katikati bado kibichi. Acha kichwa kibaki kwenye mche mpaka kiwe kahawia chote, na kikonyo chini yake kikauke kiasi kwamba ukikipinda kinakatika "tak". Vuna umande ukishakauka, kama saa nne hivi, siku ambayo mvua haijanyesha. Ukishavuna usikimbilie kufungia, tandaza kwenye gazeti kivulini penye hewa wiki moja mpaka mbili uwe unageuza geuza, ndio utie kwenye bahasha ya karatasi uandike jina, rangi na tarehe. Andika hapo hapo, usiseme nitakumbuka.

Kijani77:
Mi ushauri wangu dada kata maua yote yanayofifia ili mche usichoke, utaendelea kutoa maua mengi.

MzeeWaKitalu:
@Kijani77 hiyo ni sawa kwa anayetaka maua, ila anayetaka mbegu akikata yanayofifia atakosa mbegu kabisa. Binti, chagua maua mawili matatu yaliyo bora kwenye kila mche mwekundu uyafunge uzi kama alama, hayo yasiguswe na mtu. Mengine kata.

Fundi_Maua:
Niongezee hapo kwenye kutambua mbegu maana wengi wanahifadhi makapi. Chukua kichwa kikavu, vuta petali moja taratibu, mwishoni kule ilikoshikia utaona kitu bapa cha rangi ya kijivu au kahawia kama kichwa cha mshale, hiyo ndio mbegu. Ua la petali nyingi kama la mama yako mbegu nyingi zinatoka zimeng'ang'ania petali hivyo hivyo. Ibonyeze na ukucha: iliyojaa ni ngumu, ukiona inajikunja kama karatasi hiyo haina kitu. Pepeta, weka zilizojaa tu.

Za ukungu usitupe zote. Chambua zile ambazo ni ngumu na hazijabadilika rangi, zipanguse, zianike kivulini. Halafu chukua 10 uzipange kwenye tishu iliyoloa ila isitiririke maji, kunja, tia kwenye kimfuko weka mahali pa joto. Zinia huwa inaota ndani ya siku 4 mpaka 7 hivi. Zikiota 7 una asilimia 70, zikiota 2 basi unajua upande nyingi.

NyukiRafiki:
Kuhusu rangi, hao ni nyuki na vipepeo. Zinia inachanganya sana chavua, kwa hiyo mama akiwa na nyekundu tupu halafu jirani ana njano, mtoto anaweza kutoka njano. Ng'oa huo wa pinki na wa njano leo, au kata uweke kwenye chombo cha maji ndani, usiwaache nje na wenzao. Minne iliyobaki, vitumba ambavyo havijachanua vivalishe vifuko vya kitambaa cha chandarua, ua likifunguka chukua brashi laini usugue la mche huu kisha la mche ule, rudia siku kadhaa. Mbegu za maua yaliyochanua kabla hujavalisha weka bahasha yake peke yake, hizo huna uhakika nazo. Ila kwa mwenye mbegu chotara za dukani, zile za F1, hata avalishe vifuko mbegu zake hazitatoka kama mama yao, asijilaumu.

Fundi_Maua:
Na ukitaka zikae miaka, zikishakauka kabisa hamishia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, kisha friji. Kuna kanuni ya Harrington inasema unyevu ndani ya mbegu ukishuka kwa asilimia 1 umri wake unakuwa kama mara mbili, na joto la kuhifadhia likishuka nyuzi 5 za Selsiasi vivyo hivyo. Ila zisizokauka usiweke kwenye chupa, utarudi kule kule kwenye ukungu.

BintiBustani:
Nimerudi wapendwa. Nimechambua nikapata 34 ngumu, nikajaribu 10, leo siku ya sita zimeota 3!! Vimzizi vyeupe kama uzi. Miche minne nimeshaivalisha. Sasa hizi 3 nizihamishe kwenye udongo leo au nisubiri zitoe majani?

MzeeWaKitalu:
Leo leo, mzizi usije ukajisokota kwenye tishu. Kila moja kopo lake maana zinia haipendi kuhamishwa hamishwa. Shika kwenye ganda la mbegu usiguse mzizi, mzizi uangalie chini, funika na udongo laini kama nusu sentimita, nyunyiza maji kidogo. Ukingoni mwa kopo andika ni za mama.