Tupeane uzoefu: Kuongoza watu kazini kwa utu, yanayosaidia na yanayoharibu

Mwanzisha mada
Wakuu, habari zenu. Kila mtu anasema kiongozi awajali watu wake, lakini msimamizi aliyepandishwa cheo juzi haambiwi aanzie wapi. Naomba tuweke hapa taratibu zenyewe: muda, maneno, hatua, na pale mambo yanapoharibikia. Sifa za kiongozi bora tuziache, zimeshaandikwa sana.

Afisa rasilimali watu
Anza na kikao cha ana kwa ana. Dakika 30 kwa kila mtu, kila wiki mbili, siku na saa ileile. Dakika 10 za kwanza ni zake. Usifungue kwa kuulizia ripoti, maana kikao kizima kitageuka cha ripoti. "Mambo vipi?" nayo haikusaidii, jibu lake liko tayari kabla hujauliza. Uliza kitu mahususi: "Wiki hii kazi gani imekuchosha kuliko nyingine?" au "Unamsubiri nani ili umalize kazi yako?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi saba. Wasimamizi wengi hawavumilii kimya, hujijibu wenyewe, na lile jambo lililokuwa linataka kutoka linarudi ndani.

Baada ya hapo andika mistari miwili: alichosema na ulichoahidi. Kikao kijacho kianze na ile ahadi. Habari za ugonjwa au ndoa yake usiziandike kwenye daftari linalolala mezani. Na mapema kabisa mwambie yale usiyoweza kuyatunza kama siri: unyanyasaji, na jambo lolote linalohatarisha usalama wa watu.

Kikao kikigongana na shughuli nyingine, kisogeze, usikifute. Ukikifuta mara mbili mfululizo, ameshajua unamweka wapi.

Msimamizi wa zamu, kiwandani
Ndugu yangu, hayo ni ya ofisini. Mwenye watu 25 kwenye mashine angehitaji saa 12 na nusu kila wiki mbili, na hazipo. Gawa watu kwa viongozi wa vikundi, kila mmoja watano au sita, dakika 15 kwa mtu. Wewe kaa na hao viongozi.

Halafu uwepo dakika 10 kabla ya zamu kuanza, pale watu wanapopokezana. Usimsemeshe mtu mashine ikiwa inazunguka: hasikii vizuri, na macho yakihama mkono unaweza kwenda pasipotakiwa. Wa zamu ya usiku ndio husahaulika kabisa, wanamwona bosi siku ya ajali tu. Nenda kwao walau mara moja kwa wiki, bila karatasi ya ukaguzi mkononi.

Na ratiba ibandikwe wiki mbili kabla. Ratiba inayotoka leo kwa ajili ya kesho inavuruga usingizi wa mtu na malezi ya watoto wake, hata uwe na maneno matamu kiasi gani.

Muuguzi kiongozi wa wodi
Kwetu kipimo ni ripoti za makosa. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa katika vitengo vya hospitali, akitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba watu wa timu hizo hawakuogopa kuripoti. Mwaka 1999 akachapisha utafiti wake kuhusu usalama wa kisaikolojia, yaani mtu kutoogopa kusema kosa au kuuliza mbele ya wenzake, katika timu za kazi. Kwa hiyo ripoti zikipanda baada ya uongozi kubadilika, usikimbilie kuita kikao cha nidhamu.

Mtu akileta habari mbaya, fuata mpangilio huu: "Asante kwa kuniambia." "Mgonjwa yuko salama sasa hivi?" "Nieleze ilivyokwenda, hatua kwa hatua." Swali la nani kafanya lije mwisho, kama bado linahitajika. Ukimfokea mtu mara moja mbele ya wenzake, ripoti zitakoma na makosa yataendelea.

Mchangiaji
Swali kwa afisa: je, ukimwelewa mtu vizuri halafu huna cha kumpa?

Afisa rasilimali watu
Swali zuri sana. Kumwelewa si kumkubalia. Mrudishie alichosema kwa maneno yako, muulize kama umempata sawasawa, kisha toa uamuzi kwa sentensi moja, sababu ya kweli, unachoweza kufanya badala yake, na tarehe ya kulirudia jambo hilo. Yanayoharibu ni mawili: "nakuelewa" inayotoka kabla hajamaliza kusema, na "hata mimi yalinikuta", ambayo inageuza shida yake kuwa hadithi yako.

Meneja wa timu inayofanya kazi kwa mbali
Naongeza suala la msiba. Mfanyakazi akifiwa, mpigie simu, usiandike ujumbe. Mpe pole, mwambie nani anashika kazi zake, nani wa kuwasiliana naye. Siku ya kurudi usiiulize kwenye simu hiyo. Gawa kazi zake siku hiyohiyo, la sivyo wenzake wataanza kumtafuta huko aliko. Akirudi, wiki ya kwanza mpe nusu ya mzigo, na muulize faraghani kama angependa wenzake walizungumzie au wakae kimya. Watu wanatofautiana sana hapa, usikisie.

Mshauri nasaha kazini
Msimsahau msimamizi mwenyewe. Anayebeba uchungu wa kila mtu huishia kuwakwepa watu. Asipange vikao vizito zaidi ya vitatu kwa siku, aache dakika 15 kati ya kimoja na kingine, naye awe na mkubwa wake wa kumsikiliza. Mfanyakazi asiyelala, anayelia mara kwa mara au anayezungumzia kujidhuru apelekwe kwa mtaalamu. Kwa huyo wa mwisho usingoje kesho: kaa naye mpaka msaada ufike.