WIFI KALETA PICHA YA MAREHEMU KWENYE POSA YANGU!!!

Wakuu, natetemeka. Posa yangu leo, washenga wameshakaa, soda zimefunguliwa, anaingia YULE. Mnamjua. Yule ambaye kila msiba analia kumzidi mfiwa. Kwapani kabeba picha ya marehemu mume wangu, ile kubwa ya siku ya mazishi, utepe mweusi bado uko. Kaiweka mezani. MEZANI! Katikati ya sambusa na bahasha ya mahari! Halafu kwa sauti ya kuamsha mtaa wa pili: "Na kaka naye asikie."

Mshenga kapaliwa na sambusa mpaka kapigwa mgongoni. Mchumba wangu kasimama, kakaa, kasimama tena. Mwanangu mdogo kaiamkia picha.

Marehemu nimemuuguza mimi. Huyo kipindi chote hicho "hana nauli", leo nauli ya kusafirisha picha kaipata! Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68: mjane akae anapotaka, aolewe na amtakaye, mila ipende isipende. Wakorintho wa Kwanza 7:39 ni hivyo hivyo. Lakini picha, jamani. Mezani. Na utepe!

Gogo la Mnazi: Mahari ilipokelewa au haikupokelewa? Usikate stimu.

Binti Pangani: Pole shoga. Kwetu eda ni miezi 4 na siku 10, ikiisha mjane anaposwa na wifi ndiye anapika pilau.

Ngosha Mkavu: Ungemkaribisha na marehemu sambusa 😂😂

Mwanzisha uzi: Ushindwe! Mtoto kasema "shikamoo baba" mbele ya washenga, wewe unacheka?

Talaka Mkononi: Afadhali yako mjane. Mimi mahakama ilishavunja ndoa, parokiani naambiwa ya kwanza bado ipo mpaka mahakama ya kanisa iseme ilikuwa batili. Wenzangu wanakwenda kukomunika, mimi nalinda mikoba yao.

Ngosha Mkavu: Kwani sasa hivi unaishi na nani mkuu?

Talaka Mkononi: Hayakuhusu.

Mama Wawili: Mwanaume akifiwa, arobaini haijafika kashaoa, na picha haletewi! Baba yangu huyo.

Gogo la Mnazi: Wanaume tumeingiaje hapa? Mtu atapikiwa na nani?

Mama Wawili: Ana mikono! Na huyo mama wa kambo kabadilisha kitasa cha geti, tukienda kumsalimia baba tunaongea naye dirishani kama mahabusu.

Binti Pangani: Dirishani?! Anzisha uzi wako, hii ni kubwa.