Maji yanadondokea redio ndani ya ndege niliyoijenga mwenyewe: nianzie wapi?

Mjenzi_Oregon:
Ndugu zangu, salamu. Ninaishi Oregon, Marekani, ambako mvua za majira ya baridi hunyesha siku nyingi mfululizo, na nina RV-7, ndege ndogo ya viti viwili, niliyoijenga kwa mikono yangu gerejini. Kanopi yake, yaani kifuniko angavu cha juu ya viti, hufunguka kwa kuinuka kuelekea mbele. Ndege inalala nje, na kila baada ya mvua nakuta tone limening'inia kwenye kona ya chini ya redio, na zulia la upande wa abiria limelowa. Nimeshapaka silikoni mara mbili kwenye ukingo wa mbele wa kanopi, lakini maji bado yanaingia. Naomba ushauri kabla vifaa nilivyovinunua kwa kudunduliza havijaharibika.

FundiBati:
Pole sana, ndugu. Usipake kitu kingine kabla hujajua maji yanapoingilia, kwa sababu tone unaloliona limeshasafiri: maji hutambaa chini ya bati, hufuata mstari wa ribiti au waya, kisha hudondoka mbali na tundu lenyewe. Toa zulia, kausha ndani kabisa, kisha paka poda ya watoto kwenye maungio unayoyashuku. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira, kwa presha ndogo, akianzia chini na kupanda polepole, dakika tano kila sehemu. Ukianzia juu, maji yatateremka na kulowesha kila ungio, nawe hutajua lipi linavuja.

Mama_Rubani:
Je, hiyo silikoni ilinuka siki ilipokuwa inakauka? Kama ndiyo, ikwangue yote kwa kipande cha plastiki, kwa kuwa asidi yake hula alumini. Asetoni na dawa za vioo zenye amonia zisiguse akriliki, yaani plastiki angavu ya kanopi. Huitia nyufa ndogondogo zisizotibika. Ukingo wa kanopi unahitaji mpira laini wenye uwazi katikati, unaobonyea kanopi inapofungwa. Akriliki hutanuka kwa joto takriban mara tatu kuliko alumini, hivyo gundi ngumu itabanduka tu.

Mkaguzi_Mstaafu:
Naongeza mawili, na nayasema kwa uzito. Matundu ya kutolea maji tumboni na mkiani yasizibwe kamwe: maji yakituama ndani ya elevata, yaani bapa la mkiani linaloinua na kushusha pua ya ndege, huharibu mizania yake, nayo inaweza kuanza kutetemeka hewani. Pili, ukiziba matundu ya hewa tuli, yaani vitundu vinavyopeleka shinikizo la hewa ya nje kwenye vipimo vya mwinuko na kasi, wakati wa jaribio, tumia utepe wa rangi kali wenye mkia mrefu, na uubandue siku hiyohiyo. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliruka kutoka Lima ikiwa na utepe uliosahaulika juu ya matundu hayo baada ya kusafishwa. Marubani wakakosa vipimo sahihi vya mwinuko na kasi, na watu wote 70 wakafariki.

Mjenzi_Oregon:
Ahsanteni sana. Leo binti yangu amekaa ndani na tochi. Ukingo wa kanopi ulibaki mkavu. Nilipofika kwenye uwazi wa bawaba ya kulia, alipiga kelele: mchirizi mwembamba ulikuwa unakata poda, ukafuata kifungu cha nyaya hadi kwenye redio, shubiri mbili kutoka ulikoanzia. Silikoni ilinuka siki, kwa hiyo nimeanza kuikwangua. Utepe nimeubandua, na binti yangu amehesabu vipande vyote viwili.